Ifungue deki ya zamani uokoe kanda za nyumbani

Tanzania Bara iliijua deki ya video kabla ya kukijua kituo cha televisheni. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mapema miaka ya 1970, na Kenya walianza kurusha picha 1962, lakini huku Bara vituo vya kwanza, tena vya watu binafsi, vilikuja 1994. Kabla ya hapo, mtu aliyeweka seti sebuleni aliiweka kwa ajili ya mkanda. Televisheni ilikuwa kioo tu. Mwenye mambo alikuwa deki. Jioni watu walijazana kwa jirani mwenye deki, na mtaa usio na jirani wa namna hiyo ulikuwa na kibanda cha video, unalipa kiingilio, unabanana kwenye benchi, unaangalia karate na filamu za Kihindi mpaka usiku.

Kisha zikaja kamera za begani, zile kubwa zinazomeza kaseti nzima, na deki ikageuka kuwa mahali pa kujitazama sisi wenyewe. Harusi, sendofu, maulidi, kipaimara, mahafali, mechi za mtaani. Mpiga video alikuja na taa kali na kijana wa kumbebea waya, na baada ya wiki kadhaa familia ilipokea kaseti yenye jina la bwana na bibi harusi ubavuni. Nakala moja ilibaki nyumbani, nyingine ilisafiri kwenda Muscat au London kwa ndugu ambao hawakuweza kufika.

Kaseti hizo leo ziko wapi? Nyingi ziko kwenye sanduku chini ya kitanda, au stoo pamoja na majiko mabovu. Deki iliyozicheza imekufa, au imekwenda na mnunuzi wa vyuma chakavu. Wachache wamezipeleka mjini kwa vijana wanaohamisha kanda kwenda kwenye flashi, wakarudi na picha inayotikisika, rangi zimevuja nje ya nguo, chenga juu na chini, na maelezo kwamba kanda imechoka. Neno hilo nalipinga, kwa sababu mara nyingi si kweli. Kanda huwa na picha nzuri kuliko ile aliyokabidhiwa mteja. Kilichochoka ni njia iliyotumika kuitoa picha hiyo. Iko njia nyingine, na inaanza kwa kufungua kifuniko cha deki na kulehemu waya mmoja ndani yake.

Haraka yangu ina sababu. Kampuni ya JVC, waliotuletea VHS, waliacha kutengeneza deki za VHS za peke yake mwaka 2008. Funai, nao wa Japani, ndio waliobaki mwisho. Wakafunga uzalishaji Julai 2016, na sababu mojawapo waliyoitoa ilikuwa kwamba vipuri havipatikani tena. Maana yake ni kwamba kila deki inayofanya kazi leo, iwe Ilala au Mombasa, ni mashine isiyo na mrithi. Hedi zake zikiisha, zimeisha. Wataalamu wa kutunza kumbukumbu za sauti na picha duniani walianza kuonya mapema: hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia iliutaja mwaka 2025 kama mpaka wa kuziokoa kanda, na mwaka 2019 UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari ya aina hiyo hiyo kuhusu kanda zote za sumaku. Mwaka huo wa mpaka tumekwisha kuufikia. Kanda zetu bado ziko stoo.

Ili uelewe kwa nini waya mmoja unaweza kuleta tofauti, ni lazima ujue kinachotokea ndani ya deki unapobonyeza kitufe cha kucheza. VHS iliingia sokoni Japani mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya Sony kutoa Betamax. Ugumu uliowakabili wahandisi ni kwamba picha ina mitetemo mingi mno kuliko sauti. Kanda ingepita mbele ya hedi iliyosimama, kama inavyopita kwenye redio kaseti, ingebidi ikimbie kasi ya ajabu na kuisha kabla bibi harusi hajaingia ukumbini. Jibu lao lilikuwa kuizungusha hedi yenyewe. Ukifungua kifuniko utaiona ngoma ya chuma inayong'aa, kipenyo chake milimita 62, imekaa kwa kuinama kidogo. Kwenye mfumo wa PAL, ambao ndio wetu, ngoma hiyo huzunguka mara 25 kila sekunde. Kanda inatambaa taratibu, milimita 23.39 tu kwa sekunde, lakini kwa kuwa hedi zinazunguka, zinaipitia kwa kasi ya karibu mita 5 kwa sekunde. Kila hedi inapopita huacha mstari wa mshazari wenye upana wa mikroni 49, yaani karibu sehemu moja ya ishirini ya milimita. Mstari mmoja ni nusu ya picha moja. Kila ninapoitazama ngoma ile ikizunguka bila kuikata kanda, nawavulia kofia waliobuni.

Kilichoandikwa kwenye mstari huo ni wimbi la FM. Wimbi hilo hupanda kutoka megahezi 3.8 hadi 4.8 kadiri picha inavyozidi kuwa nyeupe, na rangi zimeshushwa na kuwekwa chini kabisa, kwenye kilohezi 627. Hedi inalisoma, amplifaya ndogo iliyofunikwa kwa bati kando ya ngoma inalikuza, na baada ya hapo deki inaanza kulifanyia kazi: inaligeuza kuwa mwanga, inazipandisha rangi mpaka megahezi 4.43, inachuja kelele, inaziba mapengo, inavichanganya vyote na kuvisukuma nje kupitia soketi moja ya njano. Kazi yote hiyo imefanywa na chipu na kapasita za miaka ya 1980 na 1990, ambazo zilichaguliwa ili deki iuzwe kwa bei ambayo mwalimu au karani angeweza kuifikia. Kila hatua inakula kitu. Kuinasa video kwenye soketi ya njano ni kukinga maji kwenye bomba la mwisho la mtaa wakati chemchemi iko pale juu, safi, na njia ya kuifikia ipo.

Kuna jambo la pili ambalo soketi ya njano haiwezi kulificha. Mota na mipira ya deki haizunguki kwa usawa kamili, na kanda nayo imenyooka hapa, imejikunja pale. Kwa hiyo mistari ya picha inafika mapema kidogo au kuchelewa kidogo. Televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa zililivumilia hilo. Vile vifaa vidogo vya USB vya kunasia video, vinavyouzwa kwenye maduka ya kompyuta, havivumilii: vinaangusha fremu, nguzo za ukumbi zinapinda kama zimelewa, na baada ya nusu saa sauti ya shehe au padri imeachana na midomo yake.

Wazo la kulichukua wimbi la FM lenyewe, kabla deki haijaligusa, lilikomaa kwa wapenzi wa LaserDisc, zile diski kubwa za kung'aa zilizotangulia DVD. Mwaka 1986 BBC ilitoa mradi wake wa Domesday, uliokusanya picha na maandishi ya maisha ya Uingereza kwenye diski za namna hiyo. Baada ya miaka michache tu mashine za kuzisoma zikawa adimu, na kazi kubwa ya taifa ikabaki imefungiwa ndani ya diski ambazo karibu hakuna aliyeweza kuzifungua. Wapenzi wa mambo haya walifungua mashine za LaserDisc, wakatoa waya kutoka pale lenzi inapokabidhi wimbi, wakalinasa wimbi zima kwenye kompyuta na kuandika programu ya kulitafsiri. Iliwezekana. Watu wengine wakauliza swali la lazima: kama inawezekana kwa diski, kwa nini isiwe kwa VHS? Programu iliyozaliwa kutokana na swali hilo inaitwa vhs-decode, na inapatikana bure.

Nilikwenda na deki yangu kwa fundi mmoja Kariakoo, mzee aliyeanza kuzitengeneza zilipokuwa bado mali ya kuonea fahari. Alitoa skrubu za ubavuni na za nyuma, akainua kifuniko, akaondoa vumbi kwa brashi na bomba, kisha akaniachia nitafute. Karibu na lile bati la amplifaya kulikuwa na pini fupi zimesimama kwenye bodi, kila moja na herufi ndogo nyeupe pembeni.

“Mzee wangu, hii ndefu kidogo ina jina?”

“Soma wewe mwanangu, macho yangu siku hizi hayafiki huko.”

Nilimulika kwa tochi ya simu. Iliandikwa RF.

“Basi ndiyo hiyo hiyo,” akasema. “Hapo ndipo tulipokuwa tunachomeka skopu. Unacheza kanda ya majaribio, unakaza vile viroli vya pembeni taratibu mpaka wimbi lijae, kushoto na kulia sawa. Wasiokuwa na skopu walikuwa wanakisia kwa macho kwenye TV.”

Maneno hayo yamenikaa. Pini ile haikuwekwa pale na mdukuzi wala haikusahauliwa kiwandani. Aliyeichora saketi ile alijua kwamba siku moja, mbali na Japani, mtu atakaa mbele ya bodi na bisibisi mkononi na atahitaji kuliona wimbi kwa macho yake, akamwachia mlango na kuuandika jina. Deki nyingi zina pini kama hiyo. Kwenye nyingine imeandikwa PB, kwenye nyingine ENV au V.ENV, na vitabu vya ufundi vya wakati ule vilichapisha mchoro wa saketi nzima mpaka kapasita ya mwisho. Linganisha na vifaa tunavyonunua sasa, vilivyogundishwa kwa gundi na visivyo na mchoro wowote. Ninaamini mtu akinunua mashine, kuifungua ni haki yake, na deki hizi zilitengenezwa na watu walioiheshimu haki hiyo.

Kulehemu kwenyewe kulichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Fundi alikwaruza pini kwa ncha ya kisu mpaka ikang'aa, akaigusa kwa fluksi, akaweka tone dogo la risasi. Kwenye tone hilo alishikiza mguu mmoja wa kapasita ya mikrofaradi 10, ambayo kazi yake ni kuzuia umeme wa moja kwa moja usitoke na kuliacha wimbi peke yake lipite. Mguu wa pili ukaunganishwa na kiini cha waya mwembamba wa aina ya waya wa antena, ule wenye wavu kuzunguka kiini, na wavu ukalehemiwa kwenye lile bati, ambalo ndilo ardhi ya saketi. Ncha ya pili ilikwenda kwenye soketi ya BNC iliyofungwa ubao wa nyuma wa deki. Tundu la soketi alilitoboa akiwa ameuondoa ubao ule kwanza. Angalizo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa chembe ya chuma ikidondoka ndani ya deki ni shoti inayosubiri siku yake.

Tulifunga, tukaweka kanda isiyo na thamani, tukawasha televisheni kwenye ile soketi ya njano kama kawaida. Jaribio ni hili: picha kwenye kioo isibadilike unapochomeka na kuchomoa waya mpya. Ikipungua nguvu au ikianza chenga, ujue waya unamnyonya amplifaya, na utahitaji kuongeza amplifaya ndogo ya transista katikati. Kwetu haikubadilika.

Deki yenye sauti ya HiFi inahitaji waya wa pili. Sauti hiyo nayo imeandikwa kwa FM, na hedi zake ziko kwenye ngoma ile ile. Mawimbi yake kwenye PAL yako megahezi 1.4 na 1.8, na yana pini yake, mara nyingi imeandikwa HiFi au A.PB. Lakini kanda nyingi za harusi zetu zina ile sauti ya kawaida tu, iliyoandikwa ukingoni mwa kanda na hedi iliyosimama. Hiyo unaichukua kwenye soketi nyeupe, haina haja ya ufundi.

Upande wa kompyuta ndipo watu wengi wanapokata tamaa mapema, na si lazima. Kinachohitajika ni kifaa cha kulipima wimbi mara mamilioni kwa sekunde. Kipo kimoja kilichotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo, kinachoitwa Domesday Duplicator, kinachochukua sampuli milioni 40 kwa sekunde. Lakini kipo cha bei nafuu zaidi, na ni kile ambacho huenda umewahi kukiona kwenye kompyuta ya mezani: kadi ya kupokelea televisheni yenye chipu ya Conexant ya familia ya CX2388. Chipu hiyo ina kipimio cha ndani ambacho, ukitumia programu ya Linux iliyoandikwa kwa ajili hiyo, kinaacha kujifanya televisheni na kukukabidhi wimbi lote jinsi lilivyo, sampuli milioni 28.6 kwa sekunde. Kadi iliyotengenezwa ili mtu aangalie taarifa ya habari ofisini inakuwa chombo cha maabara.

Gharama inaonekana kwenye nafasi. Kwa kasi hiyo saa moja ya kanda inatoa takriban gigabaiti 103. Kaseti ya saa tatu, yenye kanda ya zaidi ya mita 250, inazidi gigabaiti 300. Faili hizo hubanwa kwa FLAC bila kupoteza chochote na kupungua sana, lakini anayeanza na kasha la kaseti ishirini anunue diski kubwa kwanza. Baada ya kunasa, programu inaanza kulisoma wimbi: inatafuta mwanzo wa kila mstari, inaupanga mahali pake hasa, inatambua palipo na pengo kwenye sumaku na kupaziba kwa mstari wa jirani, inazitoa rangi. Inakwenda polepole kuliko kanda yenyewe. Kwenye kompyuta ya kawaida saa moja ya harusi itakula saa kadhaa, kwa hiyo unaiacha usiku ikifanya kazi.

Faida ambayo mimi naithamini kuliko zote ni kwamba kanda inachezwa mara moja. Kanda dhaifu haikwanguliwi mara tano wakati kijana anatafuta mpangilio mzuri. Umeshalichukua wimbi; ukitaka kujaribu tena, unajaribu kwenye faili. Na programu ikiboreshwa mwakani, unarudi kwenye faili hiyo hiyo na kupata picha bora, hata kama kanda imekwisha kuoza.

Kanda ya kwanza ya maana tuliyoipitisha ilikuwa ya harusi ya mama yangu mdogo, Tanga. Nilikuwa na nakala yake ya zamani iliyohamishwa kwa kifaa cha USB, nikaziweka mbili sambamba. Kwenye ile ya zamani wekundu wa kanga za akina mama ulimwagika mpaka kwenye kanzu za waliokaa jirani, na kila kamera ilipogeuka nguzo za ukumbi zilijipinda. Kwenye hii mpya wekundu umeishia kwenye pindo. Nguzo zimesimama. Kona ya nyuma ya ukumbi, ambayo miaka yote ilikuwa giza la chenga, ina meza na watu wamekaa.

Nilimwonyesha mama mdogo kwenye kompyuta. Hakusema chochote kuhusu gauni lake. Alinyoosha kidole kwenye ile kona. “Rudisha hapo, baba. Rudisha. Si shemeji Athumani huyu? Alituambia alichelewa basi, hakufika.” Tukarudisha tena na tena. Alikuwa yeye, na sahani ya pilau mkononi.

Njia hii ina mipaka yake na ni haki msomaji aijue. Haiwezi kurudisha sumaku iliyokwisha kutoka kwenye kanda. Kama ulichonacho ni nakala ya nakala, makosa ya nakala ya kwanza yameshaandikwa humo kama sehemu ya picha. VHS yenyewe haikuwahi kuwa na picha kali: upana wake unabeba mistari 240 hivi ya undani, na hakuna programu itakayoifanya iwe kama simu ya leo. Wanaotangaza kwamba wataifanya harusi ya 1991 iwe ya 4K wanaongeza vitu ambavyo kamera haikuviona, nyuso zikiwemo. Mimi nataka uso wa bibi yangu ulivyonaswa siku ile, na chenga zake kidogo, kuliko uso laini uliobuniwa na mashine.

Kwa upande wa deki, hata hivyo, njia hii inaleta unafuu. Miaka mingi tumeambiwa kwamba kanda zinahitaji deki za kifahari za S-VHS zenye kirekebisha muda ndani yake, ambazo huku kwetu ni nadra na bei yake haishikiki. Kwa njia ya waya, saketi zote za baada ya hedi zimerukwa. Deki ya kawaida ya sebuleni yenye hedi nzima na njia ya kanda iliyonyooka inatosha. Kwa ndugu waliotumiwa kanda kutoka Marekani, zilizorekodiwa kwa mfumo wa NTSC, kinachotakiwa ni deki inayoweza kuzizungusha kwa kasi yao, kama zilivyo zile za mifumo mingi zilizokuja kwa wingi kutoka Dubai na Muscat. Rangi zitashughulikiwa na kompyuta.

Ndiyo maana nasema kazi hii ni ya mafundi wetu. Ujuzi wa kutambua pini, kulehemu bila kuunguza bodi, kubadili mpira wa mota na kusafisha swichi chini ya mtambo wa kaseti uko mikononi mwa wazee waliobaki Kariakoo, Mwanza, Mombasa na Bujumbura. Ujuzi wa Linux uko kwa wajukuu zao. Vikundi vya taarab vina kanda za maonyesho yao. Kwaya zilirekodi VHS. Filamu za mwanzo za Bongo ziliuzwa kwenye VHS kabla ya VCD na DVD kuingia. Klabu za mpira zina mechi ambazo hakuna kituo kilichozirusha, maana vituo havikuwepo. Vyuo vya ufundi vingeweza kuyafanya haya kuwa mafunzo ya vitendo ya muhula mzima, na mwanafunzi angetoka akijua redio, sumaku, umeme na programu kwa mpigo.

Kwa wanaohamisha kanda kibiashara nina ombi moja, na kwa wateja wao ombi hilo hilo: kaseti isitupwe baada ya kuhamishwa. Nimeona marundo yake nyuma ya duka. Flashi inayokwenda nyumbani imebanwa, imepoteza sehemu ya ubora, na inaweza kuharibika kabla ya kaseti. Asili ni kanda, na leo kuna njia ya kuisoma ambayo miaka kumi iliyopita haikuwa mikononi mwetu.

Sasa mambo ya usalama, kwa atakayetaka kujaribu mwenyewe. Ndani ya deki kuna sehemu ya umeme ambapo volti 230 za ukutani hugeuzwa kuwa zaidi ya 300 na kukaa kwenye kapasita moja nene. Inaweza kuua, na inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Chomoa, subiri, pima kwa mita kabla mkono haujaingia, na ukicheza deki ikiwa wazi usiisogelee kona hiyo kabisa. Asiyewahi kushika mita amtafute fundi.

Kanda nayo ina afya yake. Ifungue mlango wake mdogo wa mbele umulike: ukiona unga mweupe kwenye kingo za kanda, hasa kama ilihifadhiwa pwani, hiyo ni koga. Usiiweke kwenye deki. Itaacha mbegu zake kwenye hedi na kuambukiza kila kaseti itakayofuata, na mapafu yako hayatapenda pia. Hiyo inasafishwa peke yake, nje, ukiwa na barakoa. Vunja kile kidude cha plastiki cha mgongoni kama bado kipo, ili hata ukikosea kitufe deki isiweze kurekodi juu ya harusi.

Hedi husafishwa kwa karatasi safi iliyoloweshwa isopropili ya asilimia 99. Bandika karatasi kwenye ngoma, ishike pasipo kuisogeza, kisha izungushe ngoma kwa kidole kutoka juu. Usipandishe wala kushusha karatasi hata kidogo, na usitumie pamba. Nyuzi zake hunasa kwenye ncha ya hedi na kuing'oa. Hedi iliyong'oka leo hainunuliki dukani.

Na kama huna deki, anza kuulizia sasa kwa mafundi, kwa wauza mitumba na kwa shangazi mwenye stoo. Usijali ganda lililopauka. Angalia kama inameza kaseti na kuitema bila kung'ang'ania, kama ngoma inazunguka bila mlio wa kukwaruza, na kama kuna pini karibu na bati la amplifaya. Icheze kwanza na kanda usiyoijali, kifuniko kikiwa wazi, uifuate kanda kwa macho inavyozunguka ngoma na kurudi. Ikitoka mara mbili tatu bila mkunjo ukingoni, ndipo ulete ya harusi.